Moyo na Figo: Ulinzi Uanzie Rubondo

Mwezi wa Mei 2025 yalitokea mambo mawili ambayo, kwa mtazamo wa haraka, hayahusiani hata kidogo. Mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya afya ya figo, la kwanza la namna hiyo, na kuzitaka nchi wanachama ziyaingize maradhi ya figo katika mipango yao ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza. Mwezi huo huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilieleza kwamba, kwa sababu ya upungufu wa fedha, watu milioni moja miongoni mwa wakimbizi walioko Uganda walikuwa hawapati tena msaada wa chakula.

Azimio la Geneva lilihusu kiungo cha mwili. Taarifa ya pili ilihusu sahani. Lakini pako mahali ambapo mambo hayo mawili hukutana ndani ya mwili wa mtu mmoja. Mahali pamojawapo ni Rubondo.

Rubondo ni kanda mojawapo kati ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Nyingine ni Base Camp na Juru. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa katika bara la Afrika. Yana wakazi zaidi ya 150,000, wengi wao wakiwa Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Baada ya miji ya Goma na Bukavu kutekwa, Januari na Februari 2025, watu wengine wengi walivuka mpaka na kuingia Uganda. Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya foleni ya maji na ya kituo cha polisi.

Hospitali kubwa inayoyategemeza makazi haya ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, safari ya zaidi ya kilomita 50. Huko kuna madaktari bingwa, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichofunguliwa mwaka 1989, na kuna mashine za kusafisha damu ya mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha. Rubondo kuna kituo cha afya, wauguzi, na benchi lenye watu wengi.

Katika miaka kumi iliyopita elimu ya uganga imepiga hatua kubwa: zimepatikana dawa zinazolinda moyo na figo kwa wakati mmoja. Swali linaloikabili nchi yetu, na nchi zote za Afrika Mashariki, ni hili: ulinzi huo mpya uwekwe wapi? Uwekwe Mbarara, penye mashine, au Rubondo, penye benchi? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mgonjwa anayengojewa Mbarara amekwisha kupotea nusu, na kwamba mahali pa kumwokoa ni Rubondo.

KWA NINI ASKARI?

Huenda askari msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini yeye, ambaye kazi yake ni ulinzi wa mipaka na usalama wa raia. Linamhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, askari polisi wa Nakivale na jamaa zao hawaishi mbali na wakimbizi. Kwa utaratibu wa Uganda, huduma zinazojengwa kwa ajili ya wakimbizi hugawanywa pia kwa wenyeji, na kipimo kinachotajwa mara nyingi ni 70 kwa 30. Mke wa askari, mkulima wa Isingiro na mama aliyetoka Kivu huketi benchi moja. Dawa ikikosekana, imekosekana kwa wote watatu.

Pili, maradhi haya hayabishi hodi. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba yapata mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Uganda alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wengi wa watu hao hawakuwa na habari. Shinikizo haliumi. Figo inayoharibika nayo haiumi. Mtu hupiga kwata, hulinda zamu, hupanda kilima cha Isingiro na kushuka, naye anajiona mzima. Miguu ikianza kuvimba na pumzi kuwa fupi, sehemu kubwa ya figo imekwisha kufa, na figo iliyokufa haioti tena.

Tatu, kazi ya askari yenyewe ina mambo yanayochosha figo: jua, kiu, maumivu ya mgongo yanayotulizwa kwa vidonge vya dukani, zamu za usiku, na kwa baadhi yao sigara na waragi. Tutayarudia mambo hayo mwishoni.

VIUNGO VIWILI, KAZI MOJA

Kwa muda mrefu hospitali zimeyagawa maradhi kama jeshi linavyogawa vikosi: daktari wa moyo upande huu, daktari wa figo upande ule, daktari wa kisukari chumba kingine. Mgawanyo huo una faida katika kufundisha, lakini mwili haukugawanyika hivyo.

Moyo wa mtu aliyepumzika husukuma yapata lita 5 za damu kila dakika. Katika hizo, kiasi cha moja ya tano huelekezwa kwenye figo, ingawa figo zote mbili hazifikii hata sehemu moja katika mia ya uzito wa mwili. Kila figo ina machujio madogo yapata milioni moja. Kwa siku moja machujio hayo hupitisha kiasi cha lita 180 za maji, na karibu yote hurudishwa katika damu. Inayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Hapana kiungo kingine kinachoufuata moyo kwa karibu namna hiyo.

Basi shinikizo la damu likipanda, machujio hupigwa na nguvu isiyo kiasi chake. Huanza kutoboka na kupitisha protini iitwayo albumini, ambayo ingepaswa kubaki katika damu. Figo iliyochoka haiwezi kutoa chumvi na maji ya kutosha. Maji hujaa, shinikizo huzidi, moyo husukuma mzigo mzito, misuli yake hunenepa na kukakamaa. Moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua. Figo hudhani kwamba mwili umekaukiwa, hivyo hutoa amri ya kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Amri hiyo huuongezea moyo mzigo. Ndivyo viungo viwili vinavyoangushana, kila kimoja kikidhani kinajiokoa.

Maarifa ya jambo hili si mageni. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Guy's Hospital, London, aliandika habari za wagonjwa waliovimba miili; mkojo wao ulipopashwa moto katika kijiko juu ya mshumaa uliganda kama ute wa yai. Mwaka 1836 alieleza kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walipopasuliwa baada ya kufa walionekana kuwa na mioyo mikubwa kupita kawaida. Kijiko na mshumaa vilitosha kuonyesha kwamba moyo na figo ni jambo moja. Takwimu za nyakati zetu zinaunga mkono: wagonjwa wengi wa figo hufa kwa moyo au kiharusi kabla hata hawajafikia siku ya kuhitaji mashine.

Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa waraka uliounganisha maradhi ya moyo, figo, kisukari na unene kuwa tatizo moja lenye hatua zake, kuanzia hatua sifuri mpaka hatua ya nne. Waraka huo ulisema kwa lugha ya kisasa yale yaliyoonekana katika kijiko cha Bright. Jambo jipya hasa ni kwamba sasa ziko silaha za kulikabili.

SILAHA ZA ZAMANI NA ZA SASA

Silaha ya kwanza ilipatikana miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Wanasayansi waliochunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazil walipata njia ya kuzuia ile amri ya figo ya kubana mishipa. Matokeo yake ni kidonge cha kaptoprili, kilichoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Ndugu zake, kama enalaprili, na binamu zake, kama losartani, ni dawa za bei nafuu zilizoenea duniani kote. Hupunguza shinikizo, hupunguza protini inayovuja katika mkojo, na huusaidia moyo uliodhoofika. Dawa hizi hazifai kwa mwanamke mwenye mimba, na zinahitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa potasiamu inaweza kupanda.

Silaha ya pili ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa katika gome la mtofaa kitu kiitwacho florizini, ambacho humfanya mtu akojoe sukari. Zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye, viwanda vilitengeneza dawa za kisukari kwa kufuata kanuni hiyo hiyo: kuifanya figo iache kurudisha sukari yote katika damu. Majina yake ni kama dapagliflozini na empagliflozini. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imetaka kila dawa mpya ya kisukari ithibitishwe kwamba haiudhuru moyo. Kwa hiyo majaribio makubwa yalifanywa kutafuta madhara, na badala ya madhara ikapatikana faida. Mwaka 2015 jaribio la empagliflozini kwa watu zaidi ya 7,000 lilionyesha kwamba vifo vya maradhi ya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 2020 jaribio la dapagliflozini kwa wagonjwa 4,304 wa figo, ambao theluthi moja hivi hawakuwa na kisukari kabisa, lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa wazi mno. Hatari ya figo kuporomoka, au ya mgonjwa kufa kwa ajili ya figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Mwaka 2022 jaribio la empagliflozini kwa watu 6,609 likathibitisha njia hiyo kwa upungufu wa asilimia 28. Kumbe dawa hizi hutoa chumvi pamoja na sukari, na kwa kufanya hivyo hushusha shinikizo ndani ya machujio yenyewe. Chujio lililokuwa likipigwa hupata nafasi ya kupumua.

Ziko silaha nyingine. Finerenoni, iliyoonyesha faida kwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo mwaka 2020, huzuia homoni inayokakamaza moyo na figo. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, ilionyesha mwaka 2024 kwamba hupunguza matukio makubwa ya figo kwa asilimia 24 kwa wenye kisukari. Na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba finerenoni na empagliflozini zikianzishwa pamoja hupunguza protini katika mkojo kwa zaidi ya nusu, kiasi kinachozidi kile cha kila moja ikiwa peke yake. Hapa ndipo mkakati wa leo ulipofika: kutumia dawa kadhaa, mapema, kila moja ikiziba njia yake, badala ya kungoja moja ishindwe ndipo nyingine iletwe. Askari anaelewa tofauti ya kushambulia kwa pamoja na kupeleka mtu mmoja mmoja.

MAJARIBIO YALIFANYWA WAPI?

Lakini uchambuzi wa kweli hauishii kwenye habari njema. Yale majaribio mawili makubwa ya mwaka 2020 na 2022 yalifanywa katika nchi nyingi za Ulaya, Asia na Marekani. Hapakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Dawa hazibagui, na hapana sababu ya kudhani kwamba figo ya Mwafrika haitanufaika. Hata hivyo, mtu aliyepimwa katika majaribio yale alikula milo yake, alipimwa damu kwa ratiba, na alikuwa na daktari wa kumpigia simu. Mkazi wa Rubondo aliyepunguziwa au kukatiwa posho hana hayo yote.

Jambo hili lina uzito wa kitabibu, wala si la huruma tu. Dawa za kundi la dapagliflozini zinaweza, ingawa kwa nadra, kusababisha damu kuwa na asidi kwa mtu asiyekula au anayetapika, hasa mwenye kisukari. Kwa hiyo kanuni ni kwamba mgonjwa anayeharisha, anayetapika au asiyeweza kula aisimamishe dawa mpaka apone. Kanuni hiyo ni nyepesi kwa mwenye chakula. Kwa nyumba ambayo kula mara moja kwa siku kumekuwa kawaida, inahitaji muuguzi aliyefunzwa, anayejua kuuliza, "Mama, jana mlikula nini?" kabla ya kuandika cheti cha dawa. Ndiyo maana tumesema kwamba azimio la Geneva na taarifa ya chakula ni habari moja.

Hata vipimo vyenyewe havikutengenezwa kwa kutuangalia sisi. Nguvu ya figo hukadiriwa kwa kupima kreatinini katika damu, kitu kinachotokana na misuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa kwa watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, ulionyesha kwamba makadirio hayo huzipa figo nguvu kuliko zilizo nazo kweli. Mtu mwembamba, mwenye misuli michache, huonekana mzima katika karatasi ilhali figo zake zimepungua. Katika makazi yenye njaa, kosa hilo linaweza kuwa kubwa zaidi.

NGOME YA MWISHO

Mgonjwa akikosa kugunduliwa mapema, njia humpeleka Mbarara. Hapana shaka kwamba kuwapo kwa mashine za kusafisha damu katika mji huo ni maendeleo makubwa, kwani zamani mgonjwa wa kusini-magharibi hakuwa na budi kwenda Kampala. Nchini Uganda hatua nyingine ilipigwa Desemba 2023, figo ilipopandikizwa kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Mulago, baada ya nchi kupata sheria ya upandikizaji wa viungo mwaka huo huo. Tanzania ilikuwa imetangulia katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2017.

Tusijidanganye, hata hivyo. Mashine humtaka mgonjwa mara mbili au tatu kila wiki, saa nne hivi kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo nyingine. Kwa mkazi wa Rubondo maana yake ni kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 100, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa nauli anayopaswa kuitafuta. Atalima lini? Watoto atawaacha na nani? Kwa kweli ni mmoja au wawili watakaoweza, na kwa kila mmoja anayeweza wako wengi wasioonekana kabisa katika orodha ya hospitali, kwa sababu hawakufika.

Mashine, hata ikifanya kazi vizuri, haiurudishi moyo uliokwisha kupanuka. Ni ngome ya mwisho, na kila jeshi linajua kwamba adui akifika ngome ya mwisho, mashamba na vijiji vyote nyuma yake vimekwisha kuchomwa.

MSTARI WA MBELE

Kinachohitajika Rubondo ni vitu ambavyo havistaajabishi. Cha kwanza ni mashine ya kupimia shinikizo, iliyo nzima na yenye betri, na kila mtu mzima anayeingia kituoni afungwe mkono na kupimwa, hata kama amekuja kwa malaria. Cha pili ni kijiti cha kupima mkojo. Kijiti hicho si kigeni katika vituo vya afya. Wauguzi hukitumia kila siku kuwapima akina mama wajawazito, kutafuta ile ile protini. Kinachotakiwa ni kukitumia pia kwa mtu mwenye shinikizo na mwenye kisukari. Cha tatu ni vidonge vya kila siku visivyokatika: enalaprili au losartani, amlodipini, dawa ya kupunguza maji, na sasa dapagliflozini au empagliflozini kwa wale wanaostahili.

Yako mambo matatu yanayotupa sababu ya kuamini kwamba kundi hili la mwisho si ndoto. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Haki za kiwanda za dapagliflozini zilikwisha India mwaka 2020, na za empagliflozini mwaka 2025, na viwanda vya nchi hiyo, ambavyo huuza dawa nyingi Afrika, vilianza kutengeneza nakala zake kwa bei iliyoshuka sana. Aidha, dawa yenyewe ni nyepesi kuitumia: kidonge kimoja kwa siku, kipimo kile kile, bila kupandisha kidogo kidogo. Kwa kituo kisicho na daktari bingwa, sifa hiyo ni kubwa.

Kuhusu uwezo wa vijijini, mfano uko karibu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao SEARCH, uliofanywa katika jamii 32 za mashambani nchini Kenya na Uganda, zikiwamo za kusini-magharibi mwa Uganda. Watafiti walikusanya watu katika mikutano ya afya ya kijijini, wakawapima Ukimwi, shinikizo na kisukari kwa pamoja, na kuwaunganisha na matibabu yaliyowafikia karibu na kwa heshima. Baada ya miaka mitatu, watu wenye shinikizo lililodhibitiwa walikuwa 47 katika kila 100, wakati jamii nyingine zilizofuata utaratibu wa kawaida zilikuwa na 37. Kumi katika mia ni watu wengi, nao waliokolewa kwa mkutano wa kijijini na vidonge vya bei ndogo.

Somo hilo linatukumbusha pia kwamba Afrika Mashariki imewahi kushinda vita ya namna hii. Dawa za Ukimwi zilipoanza kupatikana, wako wataalamu wa ng'ambo waliosema kwamba mwanakijiji hataweza kumeza dawa kila siku kwa saa maalumu. Mwanakijiji aliweza. Kilichohitajika kilikuwa dawa kufika, daftari la wagonjwa kutunzwa, na mtu wa kumtafuta aliyekosa kuja. Mgonjwa wa shinikizo na figo anahitaji yale yale matatu. Mara nyingi hana hata moja: hupewa vidonge vya wiki mbili, hujisikia vizuri, huacha, na hakuna anayemwuliza.

Hapo ndipo lawama na wajibu vinapokutana. Wafadhili wanapopunguza fedha, jambo la kwanza kukatwa ni lile lisilolia. Mtoto mwenye homa hulia, kipindupindu hutisha, shinikizo hukaa kimya. Serikali ya Uganda kwa miaka kadhaa imekuwa ikifuata mpango wa kuunganisha huduma za afya za wakimbizi na za wananchi, ili vituo vya makazi visitegemee hisani pekee. Mpango huo ukisimama imara, kituo cha Rubondo kitapata vidonge vyake kutoka bohari ya taifa kama kituo kingine chochote. Ukilegea, kila upunguzaji wa bajeti katika mji mkuu wa nchi ya mbali utahesabiwa Nakivale kwa miguu iliyovimba.

Wako watakaosema kwamba nchi maskini ishughulike kwanza na malaria na uzazi, na kwamba dawa za figo ni anasa. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Lakini gharama isiyolipwa Rubondo haipotei; huhamia Mbarara ikiwa imeongezeka mara nyingi. Kijiti cha mkojo na kidonge cha kila siku ni mzigo mdogo kwa hazina kuliko saa nne za mashine mara tatu kwa wiki. Anayeona kidonge kuwa anasa ayatazame kwanza mahesabu ya mashine.

ASKARI AJILINDE

Yabaki machache ya kumhusu askari mwenyewe, awe Makenke, awe katika kituo cha polisi cha makazi, awe popote mpakani.

Pima shinikizo angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa. Ukiwa na shinikizo, kisukari au ndugu aliyekufa kwa figo, omba mkojo wako upimwe protini. Ikionekana, usifiche kwa kuogopa kuondolewa kazini. Protini iliyogunduliwa mapema inatibika, na askari anayetibiwa hufanya kazi miaka mingi.

Jihadhari na vidonge vya maumivu. Dikilofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama peremende baada ya mazoezi au doria ndefu. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mtu aliyekaukiwa na maji, anayetumia pia dawa ya shinikizo na ya kupunguza maji, akizimeza siku nyingi anaweza kuzifunga figo zake kwa muda wa siku chache. Maumivu yakizidi, mwone mganga wa kikosi. Hali kadhalika dawa za mitishamba zisizojulikana kiasi chake. Baadhi ya mizizi huzidhuru figo kimya kimya.

Kunywa maji ya kutosha unapotembea juani. Punguza chumvi. Wenzetu wa Kongo wanapenda makayabo, samaki wa chumvi, na ni chakula kitamu. Lakini aliye na shinikizo amloweke na kumwaga maji yake, na asimle kila siku. Sigara iachwe kabisa, waragi upunguzwe. Na hizi dawa mpya tulizozieleza zisinunuliwe dukani kwa kusikia sifa zake. Ziandikwe na daktari aliyekupima.

Askari ana wajibu mwingine pia. Katika makazi, polisi ndiye mtu wa serikali anayeonekana kila siku. Anapomwona mzee amevimba uso na miguu, anayepumua kwa shida, na jamaa wakisema amerogwa, neno lake lina uzito. "Mzee, twende kituoni ukapimwe" ni maneno machache, lakini yanaweza kuokoa miaka ya maisha.

Maazimio ya Geneva ni mazuri, na dawa mpya ni ushindi wa akili ya binadamu. Lakini azimio halimezwi, na dawa iliyoko ghalani haishushi shinikizo. Serikali na wafadhili watakaotaka kujua kama azimio la mwaka 2025 lilikuwa na maana wasihesabu mashine zilizoongezwa mijini peke yake. Waende Rubondo waulize mambo matatu: mashine ya shinikizo inafanya kazi? Kijiti cha mkojo kipo? Mgonjwa wa mwezi uliopita amerudi kuchukua vidonge vyake? Majibu yakiwa ndiyo, wengi wa wale ambao wangelazwa Mbarara watakuwa mashambani mwao, na askari atakuwa katika zamu yake.